Kwa Nini Kaunta Yetu Ilikatwa

Vijana wangu wa zamu, siku ile ya kuniaga mlinisumbua niwaandikie mambo ya kazi, nikawajibu sina la kuandika. Nilidanganya. Ninayo mengi, ila pilau lilikuwa linapoa na mimi na pilau hatujawahi kugombana. Sasa nimekaa kibarazani kwangu Ujiji, sare nimezirudisha, buti nimewaachia buibui, na sina pa kuwahi. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza jambo moja tu: kwa nini kaunta ya kituo chetu ni fupi kuliko kaunta zote mtakazozikuta kwingine. Nasikia kuna mgeni ameletwa hapo na anataka kuinyanyua tena, ati inamuumiza mgongo. Mpeni haya ayasome akiwa amekaa.

Nilipoanza kazi kaunta hiyo ilinifika kifuani, na mimi si mfupi. Ilijengwa kwa mbao za mninga na mtu ambaye nadhani aliwaogopa raia. Ukisimama nyuma yake unamwona mwananchi kichwa na mabega tu. Mtoto akiletwa amepotea, unasikia kilio bila kumwona anayelia. Siku yangu ya kwanza nilimhudumia bibi mmoja wa Kibirizi aliyeibiwa beseni la dagaa, na mpaka anaondoka sikujua kwamba alikuwa na bandeji mguuni na damu ilikuwa inadondoka sakafuni. Aliyeniona nikipiga deki ile damu alikuwa Sajini Mbogo.

Sajini Mbogo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na hakuna mtuhumiwa aliyewahi kumsikia akifoka. Alinichukua kando akaniambia, "Zuhura, kazi ya kaunta ina mambo matatu: salamu, kiti, kalamu. Ukianza na kalamu umeshaipoteza kesi." Nilimuuliza kiti kiko wapi, maana upande wa raia hapakuwa na hata kigoda. Akacheka. "Hicho ndicho tunachokosa. Anza na salamu kwanza, kiti Mungu ataleta." Kalamu yenyewe tuliifunga kwa uzi kwenye msumari, na bado iliibiwa, tena kituoni.

Basi tuje kwenye salamu, maana ndiyo kiini cha yote. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Bibi yangu alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa mgongoni kwa mama yake, na sisi tumekuwa watu wa Ujiji kabla hata ya huyo aliyejenga kaunta kuzaliwa. Kwetu mjini salamu ni shikamoo, mkono, habari za nyumbani, yamekwisha. Nilipoolewa na Mha wa Simbo, marehemu mume wangu alisahau kunionya. Nilifika kwa mama mkwe nimejipamba, nikanyoosha mkono nikiwa wima kama mlingoti wa bendera. Mama mkwe akautazama ule mkono, akamgeukia mwanawe, akamuuliza, "Huyu mgongo unamuuma?"

Kuanzia hapo nilifundishwa upya. Kwa Waha wenye malezi ya kizamani, mdogo akikutana na mkubwa hanyooshi mkono hewani. Anainama, anashuka, viganja vinaelekea chini, halafu anapiga makofi polepole huku anasalimia. Mkubwa naye anaitika kwa makofi. Asipoitika, wewe uliyeinama huinuki. Mama mkwe alinitia adabu mwezi mzima kwa njia hiyo. Alikuwa akinisahau makusudi pale chini, anamalizia kuchambua maharage yake kwanza, ndipo anapiga makofi. Magoti yangu yalijua Kiha kabla ya ulimi.

Mambo ya kaunta yaliendelea miaka mingi. Wizi wa nyavu, ugomvi wa wake wenza, mawese yaliyochanganywa na maji. Nilizeeka pale pale. Sajini Mbogo akastaafu, akaniachia tochi yake na filimbi. Tochi niliitumia mpaka ikafa. Filimbi sikuwahi kuipuliza hata mara moja, ila ilinipa moyo kujua ipo.

Kisha ukaja ule msimu wa maharamia. Wengine wenu mlikuwa bado shule. Majambazi walikuwa wanawavamia wavuvi ziwani, wanang'oa injini za boti na kuondoka nazo, na mvuvi anabaki akielea na taa zake. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Kituoni kukaongezwa doria, wakaletwa askari wapya kutoka mikoa ya mbali ambao walikuwa hawajawahi kuona ziwa lisilo na ng'ambo ya karibu. Mmoja wao alikuwa Konstebo Elisha. Kijana mpole, mwembamba, aliyekuwa akitapika kila boti ikitikisika na bado anapanda tena kesho yake. Alikuwa na mke nyumbani kwao na mtoto mchanga ambaye alikuwa amemwona kwenye picha ya simu tu.

Kamanda wa doria yao jina lake silitaji, hastahili wino wangu. Alikuwa na usemi wake kwamba watu wa huku wote ni wa ng'ambo. Mtu akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha, kwake huyo ni Mrundi. Akiwa mweusi zaidi na anatoka Ujiji, ni Mkongo. Alinitania na mimi, "Sajini Zuhura, wewe kibali chako cha kuishi kinakwisha lini?" Wenzangu walicheka. Nilimjibu kwamba kinakwisha siku moja na chake, tutakapokufa. Lakini vijana wake hawakujua kuwa ule ni utani mbaya. Waliuchukua kama somo. Kila asubuhi waliingia ziwani wakiwa wameambiwa kwamba yule wanayekwenda kumlinda na yule wanayekwenda kumkamata wanafanana, tena wote si wenzao.

Asubuhi moja, jua limeshatoka, boti ya doria ilikuta mtumbwi umeegeshwa kwenye ufuko kaskazini ya mji. Ndani yake alisimama kijana peke yake. Jina lake Yohana, wa Kagunga, kijiji cha mpakani, umri wa kuanza kutafuta mke. Alikuwa anapeleka mawese na dagaa Kibirizi, akasimama pale kukumba maji yaliyoingia mtumbwini. Kamanda akampigia kelele, "Wewe! Tulia hapo!" Yohana akageuka, akaona watu wazima wenye sare wanamsogelea. Akafanya kile alicholelewa kukifanya. Akainama.

Ubao wa mtumbwi ukaificha mikono yake. Elisha akafyatua.

Risasi iliingia begani upande wa kushoto. Yohana alifikishwa hospitali akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini alifikishwa na hadithi tayari imeshashonwa: mgeni kutoka ng'ambo, hana kitambulisho, alikaidi amri, alichuchumaa kuchukua silaha. Silaha yenyewe ilikuwa panga la kukatia kamba, ambalo ukilikosa kwenye mtumbwi wowote wa Kagunga basi mtumbwi huo umeibiwa. Alifungwa pingu kwenye kitanda, mkono ule mzima. Ule mwingine haukuhitaji pingu. Mashtaka yaliyokuwa yanaandaliwa yangemla ujana wote: unyang'anyi wa kutumia silaha, na kuingia nchini bila kibali.

Elisha alipumzishwa doria, akaletwa kwangu kaunta. Hakuwa anakula. Nilipomuuliza ilikuwaje alinijibu kama mtu anayesoma ubaoni: "Alishuka chini kuchukua silaha, Mama. Mikono niliacha kuiona." Nilimwamini, kwa sababu aliyekuwa ananiambia alikuwa anajiamini mwenyewe. Mimi na magoti yangu yote yale ya Simbo sikuunganisha.

Aliyeunganisha ni mama yake Yohana, naye hakukusudia. Alikuja kwa boti ya abiria kutoka Kagunga, mwanamke mfupi, kitenge kimelowa mpaka kiunoni kwa sababu boti ile haishushi watu pakavu. Alikuwa amesikia tu kwamba mwanawe yuko mikononi mwa polisi. Asubuhi ile kaunta alikuwepo Elisha, mimi nipo meza ya pembeni naandika, na upande wa raia alikuwepo Mzee Sadiki, mkulima wa Simbo, aliyekuja kulalamika kwamba mbuzi wake ameibiwa Kibirizi akiwa amemfunga kwenye nguzo ya mtu.

Yule mama akafika mbele ya kaunta. Akamwona kijana mwenye sare, ambaye kwake ni serikali nzima. Akasema kwa Kiha, "Mwakeye, baba," akainama.

Na kaunta ikammeza. Kichwa hakuna, mabega hakuna, mikono hakuna. Elisha aliruka nyuma mpaka kiti kikaanguka, na mkono wake ukaenda ubavuni kutafuta bunduki ambayo, kwa rehema za Mungu, ilikuwa imefungiwa ghalani. Macho yalimtoka. Kutoka kule chini, nyuma ya mninga, tukasikia makofi. Polepole, kama inavyotakiwa. Pa. Pa. Pa.

"Elisha," nikamwambia, "ni salamu."

"Anafanya nini huko chini?"

"Anakusalimia. Mwitikie ainuke."

Hakuweza. Alisimama pale, mkono bado ubavuni, na mama wa watu yuko chini anasubiri, makofi yake yameanza kuchoka. Mzee Sadiki akakohoa. "Serikali haijui kuitika," akasema, "basi naitika mimi." Akapiga makofi yake kwa adabu zote, akamwitikia yule mama kwa Kiha, naye akainuka, akajifuta magoti, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kagunga, "Mwanangu Yohana mmemweka wapi?"

Elisha aliegemea kaunta akachungulia upande wa pili, pale sakafuni alipokuwa ameinama. Alitazama muda, kana kwamba kuna kitu ameangusha. Halafu akasema, kwa sauti tuliyoisikia sote watatu, "Alifanya hivihivi. Yule wa kwenye mtumbwi. Alifanya hivihivi."

Yule mama alielewa kabla yangu. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kaunta kwa vidole, akaniangalia mimi si yeye. "Mawe wee," akasema, kwa Kiha, kama anayemlilia mama yake. "Nimemfundisha mwenyewe. Toka anatambaa namwambia, ukiona mkubwa shuka. Ningemlea ovyo angekuwa mzima." Nikatoka nyuma ya kaunta nikamkumbatia, sare na yote. Sajini Mbogo hakuwa amenifundisha hilo, lakini sidhani kama angekataa.

Jioni yake kamanda wa doria aliniita. Alikuwa ameshasikia.

"Sajini, inasemekana asubuhi kulikuwa na maneno kaunta. Ulisikia nini?"

"Nilisikia makofi, afande."

"Na nini kingine?"

"Na maneno ya Elisha. Na mbuzi wa Mzee Sadiki bado hajapatikana."

Akaniambia nisiwe mjinga. Kwamba askari ni ndugu, kwamba nikifungua mdomo namwaga ugali wa kijana mwenye mtoto mchanga, kwamba hao wa Kagunga ni Warundi tu wanaojificha nyuma ya mila. Mwisho akanong'ona, "Au ni ndugu zako?" Nilikuwa na hasira, wanangu, hasira ya kweli. Nikamjibu, "Ndiyo, afande. Mama mkwe wangu ni wa Simbo." Nikaomba ruhusa ya kuondoka, nikaenda kwa mkuu wa kituo, nikaandikisha maelezo yangu kuhusu nilichokiona na kukisikia. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kuepuka upepo. Aliyapokea kwa ncha za vidole.

Kukaa kimya kungeweza kushinda hata hivyo. Mnajua karatasi zinavyolala. Kilichoziamsha ni akina mama wa Kibirizi. Mama Yohana alikuwa akiwauzia dagaa miaka yote, na alipowasimulia, asubuhi iliyofuata wakaja na mabeseni yao wakakaa kwenye uwanja wa kituo. Hawakubeba bango wala hawakuimba. Waliketi wakachambua dagaa. Mkuu wa kituo alinituma nikawaulize wanataka nini. Aliyenijibu alikuwa mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kunadi samaki.

"Tunasubiri, afande."

"Mnasubiri nini?"

"Kusikia mtu wetu kakosa nini. Kwani kusubiri ni kosa?"

Si kosa. Wakasubiri siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Walikuja asubuhi na dagaa wabichi, wakaondoka jioni na dagaa wakavu. Kituo kizima kilinuka. Faili zilinuka, kofia zilinuka, mkuu wa kituo alikwenda mkutanoni mkoani akarudi amekasirika kwa sababu wakubwa walihamisha viti. Nadhani dagaa walifanya kazi kuliko maelezo yangu. Haikupita muda wakaja wapelelezi kutoka nje ya mkoa, na wakili kijana wa msaada wa sheria aliyekuwa akivaa tai moja kila siku, akaanza kuuliza maswali mazuri.

Lakini kila kitu kilimsubiri Elisha. Bila yeye, ilikuwa ni neno la doria nzima dhidi ya salamu. Nilimkuta kwa mama lishe, chai imepoa mbele yake.

"Mama, nikisema nitafungwa?"

Sikumdanganya. "Inawezekana."

"Na nisiposema?"

"Atafungwa Yohana. Tena yeye mkono mmoja ameshautanguliza."

Alisogeza kikombe kando. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau. "Kilichoniuma si kwamba sikuijua ile salamu. Kila mtu ana mila yake. Kinachoniuma ni kwamba angeinama hivyo mtu wa kwetu, ningengoja nione anafanya nini. Yule sikumngoja. Nilikuwa nimeshaambiwa ni nani."

Nilimlipia chai ambayo hakuinywa. Alikwenda mwenyewe kwa wapelelezi, akasema yote: amri zilizotolewa na zisizotolewa, panga lilikuwa wapi, nani aliyemwambia aandike neno "silaha".

Pingu za Yohana nilikwenda kuzifungua mimi. Niliomba kazi hiyo kama mtoto anavyoomba kupanda mbele ya gari. Mama yake alikuwa pale, na mafuta ya mawese kwenye chupa, maana hakuamini chakula cha hospitali. Ufunguo ukagoma kidogo, kama kawaida ya funguo zetu, kisha ukakubali. Yohana akausugua mkono wake, akaniangalia. Akaanza kujaribu kuteremka kitandani ainame anisalimie, bandeji mpaka shingoni.

"Wewe, tulia," nikamwambia. "Salamu yako imeshatugharimu vya kutosha." Akacheka mpaka akashika bega kwa maumivu, na mama yake akacheka, na mimi nikatoka nje haraka kwa sababu askari halii wodini.

Kesi ya Elisha ilisikilizwa hapahapa, na mahakama ilijaa mpaka madirishani. Mzee Sadiki alitoa ushahidi mzuri sana, ila kila akiulizwa swali alimalizia na mbuzi, hadi hakimu akamwahidi kwamba suala la mbuzi litafuatiliwa mahali pake. Wakili wa utetezi alimuuliza Mama Yohana kama hawezi kumsamehe kijana aliyekiri. Alijibu kwa kupanga maneno: "Msamaha nitaufikiria nyumbani kwangu. Hapa nimekuja kwa sheria." Elisha alifungwa. Kifungo kilipunguzwa kwa sababu alisema ukweli, lakini alifungwa na akaachishwa kazi. Kamanda wa doria alidhani atahamishwa tu kama ilivyozoeleka. Akina mama wakarudi na mabeseni. Kamanda akafikishwa mahakama ya kijeshi, akavuliwa vyeo na kufukuzwa. Wakati anaondoka nilitamani kumuuliza kibali chake kinakwisha lini, lakini Sajini Mbogo alinilea vizuri.

Sasa kaunta. Nilikwenda kwa mkuu mpya wa kituo nikamwambia nataka ikatwe. Akaniambia kaunta ni mali ya serikali. Nikamwambia hata risasi iliyompata Yohana ilikuwa mali ya serikali. Alinitazama, akatia saini. Fundi kutoka Ujiji alikuja na msumeno, akafanya kazi kutwa nzima akiulaani ule mninga, na ilipofika jioni kaunta ilikuwa inanifika kiunoni. Mbao zilizobaki nikamwomba atengeneze benchi. Ndilo hilo mnaloliona upande wa raia. Nilimpelekea habari Sajini Mbogo, wakati huo anaumwa na amelala, nikamwambia Mungu ameleta kiti. Akasema, "Amechelewa, lakini amekuja na mninga."

Tangu hapo kila askari mgeni aliyeletwa kwetu mnajua nilimfanya nini siku yake ya kwanza. Nilimtoa nyuma ya kaunta, nikamweka upande wa raia, nikamwinamisha. Mlinichukia. Mmoja wenu alisema hakwenda chuo cha polisi kujifunza kupiga magoti. Nikamwacha chini kidogo, kama nilivyoachwa Simbo, mpaka akaelewa kwamba mtu aliyeinama anahitaji kuonwa na kuitikiwa, si kuogopwa. Sisemi kila kitu kimepona. Bado namsikia mtu akimwita mwenzie Mrundi kama tusi, na bado wa Kagunga wanaulizwa kitambulisho mara mbili pale mwenzao anapoulizwa mara moja. Mkisikia hivyo kituoni, semeni papo hapo. Mimi nimeridhika na kazi yangu, nasema bila aibu. Huyo mgeni wenu mwenye mgongo, mleteni kwangu. Nitampa dawa ya kuchua, lakini kaunta aiache.

Limebaki moja ambalo hamlijui, kwa sababu lilitokea nimeshastaafu. Elisha alitoka gerezani akaenda kwao, akalima, akamlea mtoto wake. Halafu siku moja nikamwona amesimama mlangoni kwangu Ujiji, amenenepa kidogo. Aliniomba nimpeleke Kagunga. Nilimuuliza kama amealikwa. Akasema hapana. Nikatuma ujumbe kwanza, na jibu la Mama Yohana lilikuwa fupi: "Aje. Simwahidi kitu."

Tukapanda boti pale Kibirizi. Elisha alitapika njia nzima, kama zamani. Tulipofika tulimkuta Mama Yohana uani anaanika dagaa, na Yohana amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anashona wavu. Ana mke sasa, na mtumbwi wake mwenyewe. Wavu aliushika kwa vidole vya mguu, sindano mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umelala pajani, haunyanyuki.

Elisha alisogea mbele yao akashuka, viganja chini, akapiga makofi polepole, vizuri kabisa. Sijui alijifunzia wapi. Nadhani alikuwa na muda.

Mama Yohana hakuitika. Elisha akabaki pale chini. Kuku wakapita mbele yake, jirani akachungulia juu ya ua akasimama hapo hapo. Mimi nilimwaza mama mkwe na maharage yake, lakini huku hakukuwa na mchezo. Mwisho Mama Yohana akasema, "Salamu hii si yangu. Mwenyewe ni huyu."

Yohana akaweka wavu chini. Alimtazama yule mtu aliyeinama, mgongo wake, shingo yake, viganja vyake vinavyoonekana vyote viwili. Alimtazama hadi nikaogopa.

"Mama," akasema, "mimi nitaitikaje? Mkono ninao mmoja."

Mama yake akajifuta magamba ya dagaa kwenye kitenge. Akaenda akasimama upande wake wa kushoto, akanyoosha kiganja mbele ya kifua cha mwanawe. Yohana akainua mkono wake wa kulia, akaupiga kwenye ule wa mama yake. Polepole. Pa. Pa. Pa.

Elisha alibaki ameinama, mabega yanatikisika, kana kwamba hakusikia. Ikabidi nimshike bega.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Umeitikiwa."